Msikilizaji Hana Ndugu

Galu,
12 Machi 1968

Mjomba wangu Abdurahman,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute u mzima, na baridi ya ziwani isiwe imekurudishia kile kikohozi. Huku kwetu salama. Mama anakusalimu, goti linamsumbua lakini ulimi haujambo, jana amegombana na muuza mkaa mpaka maskini akaondoka akasahau mizani yake. Asiya wangu amehitimu Juzuu Amma chuoni, na amesimama hapa ananisukuma mkono nikuandikie hilo kabla ya mengine. Mbuzi wako mweupe amezaa pacha. Minazi yako ya Kikoneni imebeba vizuri mwaka huu.

Sasa habari ya kazi. Utacheka, maana na mimi sasa ni msikilizaji, kama wewe huko kiwandani. Tangu ule mgomo wa mwaka jana, mwenye hoteli alisema lazima awepo mtu wa kupokea shida za wafanyakazi, ambaye si bosi wala si wa chama. Wafanyakazi wakanitaja mimi, Mwanaima wa dobi, eti kwa sababu sina mdomo. Nimepewa chumba kidogo kando ya dobi, na meza, na kiti changu, na benchi la anayekuja. Kisha nikapelekwa semina Mombasa, siku mbili. Mwalimu alitufundisha kusikiliza bila kumkata mtu neno, kutopendelea, na kutunza siri. Siku ya pili tukapewa chai na cheti, tukatawanyika kila mtu kwao. Hakuna aliyetufundisha la kufanya ukisharudi ukakaa peke yako kwenye kiti kile.

Mjomba, amekuja binti mmoja. Husafisha vyumba. Alilia kwanza, tena sana, halafu akasema. Mkubwa wake humwita kwenye vyumba visivyo na wageni. Akikataa hupangiwa zamu mbaya, na mwezi uliopita alimshika kwa nguvu. Ameniomba nisimwambie mtu, nami nimemwapia. Sasa Meneja anataka kila mwisho wa mwezi nimwandikie ni nani aliyekuja na amemlalamikia nani.

Chakula hakinipiti. Wewe una miaka katika kazi hii, mimi sina wa kumuuliza kutoka hapa mpaka Vanga. Nifanye nini? Na jingine nikuulize: msikilizaji hufanya nini ikiwa anayelalamikiwa ni mtu ambaye yeye hawezi kumtazama machoni?

Nijibu upesi.

Mpwa wako,
Mwanaima


Kisumu,
1 Aprili 1968

Mwanangu Mwanaima,

Marahaba, na Asiya naye mpe marahaba yake na peremende nitakayokurudishia tukionana. Mimi sijambo. Kikohozi kimenizoea kama mpangaji, hakilipi wala hakihami. Hapa kiwandani pamba imekuja nyingi na watu wanafanya kazi mpaka wanasinzia wamesimama, kwa hiyo benchi langu halipoi.

Umenitajia mbuzi, umenitajia minazi, hata muuza mkaa nimempata. Kibwana hukunitajia. Kaka yako hajambo? Nasikia amefanywa msimamizi wa vyumba hapo hapo kwenu. Mbona habari njema namna hiyo naipata kwa mabaharia wa Likoni na si kwenu? Mpe salamu zangu, umwambie mjomba wake amefurahi hadi amekosa usingizi. Unajua sikujaaliwa mtoto. Kwetu Wadigo mpwa ndiye mrithi, hata hao masheikh waseme wasemavyo, na Kibwana nimemlea tangu anakojoa mkekani. Yeye ndiye atakayenizika.

Sasa shida yako. Meneja mpe hesabu ya shida, usimpe sura za watu. Mwambie, mwezi huu wamekuja kadhaa, wawili kwa chakula, mmoja kwa zamu, mmoja kwa jambo zito. Akitaka zaidi mwambie ndiyo kazi aliyokupa, na akiifungua hii siri moja basi alivunje hilo benchi awashie jiko. Nami niliwahi kumwambia wa kwangu hivyo hivyo. Alinuna mwezi mzima, halafu akazoea.

Kuhusu huyo binti, je, umemuuliza anataka nini? Usicheke, watu wengi husahau. Wanasikia shida, wanainuka na panga. Shida ni yake, si yako. Pengine anataka huyo mtu afukuzwe, pengine anataka kuhamishwa tu, pengine alitaka kulia mahali penye mlango. Muulize, na asemalo ndilo. Na mlalamikiwa usimguse, si kwa mbele wala kwa kuzunguka, mpaka binti akupe ruhusa kwa mdomo wake. Hapo ndipo wengi wetu tumewaua watu tukidhani tunawaokoa.

Na hilo swali lako la mwisho. Ikiwa mlalamikiwa ni mtu wako, mpe mwenzako kesi hiyo, wewe ujitoe. Ndani ya chumba kile msikilizaji hana ndugu.

Nikuambie na hili, maana nimekuonea huruma kwa upweke huo. Tuna baraza letu, wasikilizaji wa sehemu mbalimbali. Yuko Ziro wa bandarini Mombasa, yuko Ngala wa mashamba ya katani, na wengine wa chai na wa reli. Hukutana Voi, katika hoteli ya pilau karibu na stesheni, kwa sababu ni katikati ya treni zetu. Kila mmoja huleta kesi iliyomshinda, lakini kwanza huivua nguo: hakuna jina, hakuna kabila, hakuna mahali pa kazi. Inabaki shida tupu, nasi tunaichambua. Mwenyekiti ni mimi, si kwa busara, kwa mvi. Mkutano ujao ni Septemba, nami nimekwisha andika jina lako.

Mjomba wako,
Abdurahman


Galu,
9 Mei 1968

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana.

Mama yuko vizuri, goti limepungua kwa mafuta ya nyonyo. Asiya ameanza juzuu nyingine na ameng'oka jino. Wale pacha wa mbuzi mmoja amekufa. Mvua ni nyingi, barabara ya Msambweni imekatika. Kibwana ni mzima.

Nilifanya ulivyosema. Meneja nilimpa hesabu bila sura. Alininunia, lakini amenyamaza. Binti nilimuuliza anataka nini, akanitazama kama sijawahi kuona mtu akitazama. Nadhani hajaulizwa hivyo tangu azaliwe. Amesema hataki mtu afukuzwe, hataki kelele. Ana mchumba, harusi ni baada ya Maulidi, na baba yake ni mtu mwenye haya akiambiwa kitu sokoni. Anataka kuhamishwa tu aje dobi, afue mashuka mahali penye watu, mpaka siku yake ifike. Basi. Nikamwambia hilo nitaliweza, na nimelipeleka kwa Meneja kama kwamba mimi ndiye niliyetaka mikono zaidi huku dobi. Amekubali.

Kwa hiyo ungesema limekwisha. Halijaisha, Mjomba. Yule mtu bado yuko pale na vyumba bado viko, na mabinti wengine wapo. Uliniambia ikiwa ni mtu wangu nimpe mwenzangu. Mwenzangu nani? Hapa msikilizaji ni mimi na kivuli changu. Nakutana naye kila siku. Tunakula sahani moja. Ananiuliza mbona nimekonda.

Usiniulize zaidi ya hapo. Niandikie kitu chochote, hata kama ni habari ya samaki wa huko.

Mwanaima


Kisumu,
27 Mei 1968

Mwanaima mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara nyingi. Mbuzi umempa sentensi nzima, jino la Asiya umelipa maneno yake, na kaka yako umempa maneno matatu.

Ni Kibwana.

Usinijibu. Najua umeapa, na kiapo chako sitakigusa. Hukuniambia wewe, nimejiambia mwenyewe. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni mpaka king'ora cha kiwanda kikalia. Nimeona aibu, Mwanaima, nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Mtoto niliyemshika mkono kumpeleka chuoni!

Nimefikiri hivi. Kama msikilizaji, sina ruhusa ya kufanya lolote. Lakini mimi kwa Kibwana si msikilizaji, ni mjomba. Mwenye haki ya kumkemea duniani ni mimi, hata baba yake hana haki kama yangu. Basi nimeivua kofia moja, nimevaa nyingine. Nimeshamwandikia, na barua nimeitia posta jana. Nimemwambia nimejua anavyowafanyia mabinti wa watu katika vyumba vitupu, na asipomwacha yule mtoto wa watu asahau kuwa ana mjomba, asahau na minazi ya Kikoneni. Jina sikulitaja, maana silijui. Wewe pia sikukutaja. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nami nimechelea miaka mingi.

Tulia sasa. Kula. Jambo hili limerudi nyumbani, na nyumbani litamalizwa.

Mjomba wako


Galu,
11 Juni 1968

Mjomba,

Umefanya nini?

Barua yako ilimfika Alhamisi. Hakupiga hata hodi, aliingia chumbani kwangu na barua mkononi, akafunga mlango, akakaa kwenye lile benchi. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Nani amemwambia Mjomba?" Nikasema sijui. Akasema, "Miezi hii ni mmoja tu aliyehamishwa kutoka vyumbani kwangu kuja dobi kwako." Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akaondoka.

Jumamosi mashuka ya wageni yakakutwa ndani ya kikapu cha binti yule. Kibwana ndiye aliyesema kikapu kifunguliwe, langoni, saa ya kubadilishana zamu, watu wote wakiwa wamesimama. Alimwita mwizi. Meneja akamfukuza pale pale. Mjomba, yule mtoto hakulia. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanipata, akaendelea kunitazama mpaka nikainamisha kichwa mimi.

Watu wa mchumba walisikia kabla jua halijatua. Maulidi ilikuwa siku ya pili yake. Harusi haipo tena. Baba yake amekuja akamchukua, wamerudi kwao Kikoneni.

Hukutaja jina! Wewe, mwenyekiti wa baraza, mwenye kutufundisha kuvua kesi nguo, ulidhani ukiacha jina umeacha kila kitu? Uliniandikia kwa mkono wako, mlalamikiwa usimguse, si kwa mbele wala kwa kuzunguka. Halafu ukavaa kofia ya ujomba ukamgusa. Kofia mbili, lakini kichwa si kimoja?

Benchi langu halina mtu sasa. Wanapita nje ya mlango, wananisalimu vizuri, hawaingii. Wanajua alikuja kwangu, na wanajua yaliyompata. Nikisema kwa Meneja kwa nini nina hakika hakuiba, nimevunja kiapo. Nikinyamaza, yeye ni mwizi mpaka anazikwa. Nishike wapi, Mjomba? Niambie nishike wapi, maana kila ninapogusa panaungua. Na jioni narudi nyumbani, Mama anatupakulia mimi na Kibwana sahani moja, kama siku zote.

Sijui nikusalimu vipi.

Mwanaima


Galu,
20 Julai 1968

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimemuuliza tarishi mpaka amenichoka. Kama u mgonjwa, Mungu akupe afua. Kama si mgonjwa, soma haya.

Nilikwenda Kikoneni. Nilitembea kutoka barabarani kwa matope. Mama yake binti alinikaribisha maji, akanipa kigoda, kisha akaondoka asinisikie. Binti alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe, alisogeza ungo tu nami nikapukuchua.

Mwishowe nikamuuliza tena, kama mara ya kwanza, anataka nini sasa. Aliweka gunzi chini. Akasema, "Nataka jina langu, Dada. Kazi sitaki, mume sitaki, nataka wakitaja jina langu wasiseme mwizi. Sema kwa Meneja, nimekupa ruhusa. Lakini sema yote. Sema na jinsi siri ilivyotoka kwako."

Mjomba, nimekwenda kwa Meneja. Nimesema yote isipokuwa jina lako. Nilisema ni jamaa yangu. Alinisikiliza, si mtu mbaya. Akasema, "Mama Asiya, hilo ni neno lako juu ya neno la kaka yako, na mashuka yalikutwa. Kama huyo jamaa yako alimwonya Kibwana kabla ya mashuka kuonekana, aje aseme yeye mwenyewe mbele yangu." Kibwana amesema hajapata barua yoyote kutoka kwako tangu mwaka jana. Meneja amenipa muda mpaka mwisho wa Septemba. Baada ya hapo faili la binti litafungwa, na chumba changu atakirudisha kuwa stoo ya sabuni.

Ni wewe tu. Dunia nzima, hakuna mwingine. Najua utapoteza nini. Huko kiwandani wakisikia msikilizaji wao alitoa siri ya mtu watakuondoa, na baraza nalo, na Kibwana ndiye uliyemlea. Najua yote hayo. Lakini yule binti ana umri wa miaka kumi na tisa, na amekaa nyuma ya nyumba kwa sababu mbele kuna njia na njiani kuna watu.

Njoo.

Mwanaima


Kisumu,
8 Agosti 1968

Mpwa wangu mpenzi Mwanaima,

Marahaba sana. Ni matumaini yangu wewe na Asiya na wote wa nyumbani mko katika hali ya salama. Mimi kwa rehema za Mungu naendelea vizuri. Kikohozi kiliniweka kitandani kidogo lakini sasa natembea. Mvua huku zimepungua. Bei ya ngege wa ziwani imeshuka na tumekula mpaka tumechoka. Mpishi wa bweni letu ni mtu wa Mumias, hajui nazi, kila kitu kwake ni kuchemsha. Nimekumbuka mchuzi wa papa wa mama yako.

Nimepata kitabu kizuri juu ya kazi yetu, kimetoka Ulaya. Kina sura nzima kuhusu namna ya kukaa, kwamba kiti cha msikilizaji kisiwe kirefu kuliko cha anayesikilizwa. Nitakuletea. Nimesikia pia kuna semina nyingine Mombasa mwisho wa Septemba, siku tatu safari hii. Mwombe Meneja akupeleke, usikose, kazi hii humea kwa kujifunza. Ziro wa bandarini anauliza habari zako ingawa hajakuona. Nimewaambia wote kuwa naleta mpwa wangu, nao wamefurahi kupata mwanamke wa kwanza barazani.

Mwambie mama yako goti alifunge kwa kitambaa cha sufu usiku. Asiya ajifunze na hesabu, si juzuu peke yake. Minazi iliyo upande wa kisima isiuzwe.

Kuhusu lile, tungoje tuonane Voi. Mimi ni mtu mzima, Mwanaima. Sina mwana. Unaelewa.

Mjomba wako,
Abdurahman


Galu,
16 Septemba 1968

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama kutoka Voi. Uliondoka bila kuniaga, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo ningekuambia stesheni.

Kwanza asante. Sikujua kuna watu kama wale. Ngala wa katani alivyosimulia kesi yake ya nyapara na maji ya kunywa, nililia, kwa sababu nilidhani ni mimi peke yangu duniani ninayerudi nyumbani na maneno ya watu tumboni, sili. Ziro amenipa anwani yake na kusema nimwandikie wakati wowote. Laiti ningeijua anwani ile mwezi wa Machi. Ningemwandikia yeye, mtu asiye na damu yangu, na binti yule leo angekuwa kwake na mumewe.

Zamu yangu ilipofika niliivua kesi nguo, kama sheria ya baraza. Nikasema kuna msikilizaji mmoja, mahali fulani, aliyemwomba ushauri jamaa yake. Nikasema jamaa naye ni wa kazi hii hii, tena mzoefu, na alitambua, na aliandika barua. Sikukutazama. Niliitazama sahani yangu ya pilau.

Umeona walivyokasirika. Ziro alipiga meza. "Mtu wa kazi yetu?" alisema. "Mzoefu? Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake! Alitaka kuificha aibu ya nyumba yake, na akamlipisha mtoto wa watu." Mimi nilitaka kumwambia anyamaze. Wallahi, Mjomba, katika hasira zangu zote nilitaka kukutetea. Sijui moyo umeumbwaje.

Kisha Ngala akageuka akasema, "Tuambie Mwenyekiti. Huyo jamaa afanye nini?"

Ulizipanga sahani moja juu ya nyingine mpaka mtumishi akaja kuziondoa. Halafu ukasema, na sauti yako niliijua ni ile ya kweli, si ile ya barua ya Agosti: "Aende akaseme kwa mdomo wake. Asipokwenda, asiitwe msikilizaji tena, na sisi tusikae naye meza moja." Wote wakaitikia. Ukaenda kunawa mikono, na hukurudi.

Umehukumu vizuri. Hakuna ambaye angehukumu vizuri kuliko wewe. Siku zilizobaki unazijua. Meneja amekubali kunipeleka ile semina ya Mombasa uliyonitajia, nitarudi Jumapili ya mwisho wa mwezi, na nikirudi nitajua kama chumba changu ni chumba au ni stoo.

Nakungoja, na sina tena maneno ya kukuita.

Mwanaima


Msambweni,
28 Septemba 1968

Kwa Msikilizaji wa Hoteli, Galu.

Habari za nyumbani huwa naanza nazo. Leo sina, kwa sababu nyumbani sikukaribishwa.

Barua hii namwachia askari wa lango, uipate ukitoka Mombasa. Nilichagua siku ambazo wewe hupo, asije mtu akasema uliniburuta. Juzi nilikaa mbele ya Meneja wako. Nilimwambia mimi ni nani, nilijua nini, nilijuaje, na niliandika lini. Alimwita Kibwana. Nilidhani atakana, na nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Hakukana. Aliniangalia tu akasema, "Mjomba, ni wewe?" Basi. Akavua lile koti lao la kazi, akaliweka juu ya kiti likiwa limekunjwa vizuri, kama nilivyomfundisha utotoni, akatoka.

Meneja ameandika kwa baba wa binti na kwa mchumba, na maneno yamebandikwa langoni pale pale alipoitwa mwizi. Niliyapeleka mimi mwenyewe Kikoneni, kwa miguu kutoka barabarani. Nimelisikia jina lake sasa, lakini sitaliandika. Baba yake alisomewa barua, akaikunja, akashukuru. Mchumba ameshaposa kwingine. Binti hakutoka kuniona, nami sikuomba atoke.

Kisha nikaenda kwa dada yangu. Nilipiga hodi. Mama yako aliijua sauti yangu, nikasikia miguu yake inakuja, na ile ya goti baya inavutwa. Ikafika mlangoni. Nikasikia komeo likifungwa. Nilisimama pale mpaka watu wakaanza kunitazama, nikaondoka. Kibwana yumo ndani. Mama hana kosa kumfungia ndugu mlango kwa ajili ya mwanawe.

Kiwandani nilikwisha waambia kabla sijapanda treni. Walinipa mkono wa kwaheri. Benchi langu amepewa mtu wa stoo, kijana mtaratibu, nimemwandikia anwani zote za wenzetu asikae peke yake. Uenyekiti ni wa Ziro. Nilipopita bandarini nilimwambia yule jamaa wa kesi yako ni nani. Aliniuliza kama nimekula.

Nalala kwenye varanda ya msikiti hapa Msambweni. Na sasa nina jambo. Nimekuwa nikisikiliza watu tangu mwaka wa Uhuru, na sikuwahi kukaa upande ule mwingine wa meza. Sijui linaanzaje. Kifua kimejaa, na katika nchi nzima nimebakiwa na msikilizaji mmoja ninayejua kuwa hatasema.

Naomba nafasi kwenye benchi lako Jumatatu, kama mlango utakuwa wazi. Sitakuja kama mjomba. Ukiwa na watu nitangoja nje mpaka zamu yangu. Usinipe shikamoo, wala usiinuke. Niulize tu, kama unavyowauliza wengine, nataka nini.

Abdurahman bin Seifu